Sina, Lakini Ngoja

Mwanafunzi wangu wa Darasa la Tatu aliwahi kuua miche 1,062 ya mkonge, na miche yenyewe ilikuwa 1,000 tu.

Swali nililitunga mwenyewe, tena nikajipongeza. Shule ilikuwa mkoani Tanga, uwanja wake umepakana na shamba la mkonge, na wengi wa watoto wale walikuwa wajukuu wa wakata mkonge. Nikasema leo nawapa hesabu ya kwao. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ikapitia Hamburg, ikavuka bahari, na ilipofika pwani yetu iliyokuwa hai ilikuwa 62. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba unayoyaona ukielekea Korogwe, mistari kwa mistari mpaka macho yachoke, hata miaka ya 1960 nchi ikawa inatoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Nikawasimulia yote hayo, kisha nikaandika ubaoni: 1000 kutoa 62. Miche mingapi ilikufa njiani?

Madaftari yalikuwa sabini na manne. Nikayabeba hadi chini ya mwembe, nikafungua kalamu nyekundu.

Jibu la 1,062 lilikuwa limejaa. Mtoto anaanzia kulia kama alivyofundishwa: sifuri kutoa mbili. Haitoki. Basi anapindua: mbili kutoa sifuri, mbili. Makumi nayo vivyo hivyo, sita kutoa sifuri, sita. Mia haina kitu, elfu inabaki ilivyo. Wafu wamewazidi waliosafiri, na mwandiko ni mzuri, na mstari umepigwa kwa rula. Wengine waliandika 1,000: sifuri haina cha kutolewa, kwa hiyo sifuri. Wengine 1,048, maana kila sifuri iliyokwama waliigeuza kumi bila kukumbuka kwamba kumi hiyo inamegwa kwa jirani wa kushoto, naye anapungua moja. Na wachache, kama watano hivi, waliandika 68. Hao nitawarudia.

Waliopata 938 walikuwa kumi na mmoja.

Hasira yangu siku hiyo ilikuwa ya mtu anayedhani amedharauliwa. Niliona uzembe. Ilinichukua miaka mingi kusoma kwamba mwaka 1978 Wamarekani wawili, John Seely Brown na Richard Burton, walichambua makosa ya watoto katika kutoa wakaonyesha jambo ambalo ningeliona mwenyewe chini ya mwembe ule laiti ningekuwa na subira: mtoto anayekosa mara nyingi habahatishi. Ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu kuliko sisi tunavyozifuata zetu. Kanuni ndiyo iliyovunjika mahali fulani, na mara nyingi imevunjikia penye sifuri.

Siku ya pili nilirudi darasani kufanya masahihisho. Nilifundisha kama nilivyofundishwa. "Sifuri kutoa mbili haiwezekani. Tunafanyaje?" Darasa zima: "Tunakopa!" "Tunakopa wapi?" "Kwa jirani!" "Jirani ana nini?" "Hana!" "Basi naye aende akakope kwa jirani yake." Wakacheka. Sijui ni lini hasa wimbo huu uliingia katika shule zetu, ila hakuna mwalimu wa rika langu asiyeujua.

Nikamwita mmoja wa wale wa 68, mvulana mwembamba wa dawati la nyuma. Akashika chaki. Alipofika kwenye mamoja hakusita: aliziruka sifuri mbili, akaenda moja kwa moja kwenye ile 1 ya maelfu, akaikata, akaipeleka kwenye mamoja ikawa kumi. Kumi kutoa mbili, nane. Makumi, sita kutoa sifuri, sita. Mwisho.

"Mbona umewapita hawa wawili?"

"Hawana kitu, Mwalimu."

"Si ndiyo maana nikasema waende nao wakakope?"

Akaitazama chaki mkononi. Halafu akauliza, taratibu kabisa, bila ujeuri: "Na watalipa lini?"

Darasa likaangua kicheko. Siku hizo fimbo ilikuwa ikikaa mezani pamoja na boksi la chaki. Sikuishika, lakini niliitazama, naye akaniona nikiitazama. Akaenda kukaa. Nikaandika 938 ubaoni, nikafuta, nikaendelea na somo.

Swali lile sikulifuta. Nilikuwa nalo usiku nikila, nilikuwa nalo Jumapili nikinyoosha shati. Maana katika hesabu tunayofundisha, kwa kweli halipwi mtu. Elfu imekopwa, imekwenda, imeliwa, na hesabu imekwisha. Sasa mweleze hilo mtoto ambaye kila jioni anatumwa dukani na kikopo: "Mwambie mwenye duka aandike, baba atalipa mwisho wa mwezi." Mtoto huyo amekiona kitabu cha madeni, chenye jina la nyumba yao na mistari isiyokatwa. Amesoma ukutani, kwa rangi nyekundu, kabla hajaweza kusoma kitu kingine chochote, kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Na anajua adabu moja ambayo mimi, mwenye cheti cha ualimu, sikuijali: mtu asiye nacho huendi kumkopa. Unamwonea aibu. Unampita kimya kimya, unakwenda kwa mwenye nacho. Lile 68 lilikuwa heshima.

Lugha yetu yenyewe ingeweza kunisaidia kama ningeisikiliza. Sisi hatuchanganyi kuazima na kukopa. Jembe unaliazima, na linarudi jembe lile lile. Unga unaukopa, unarudisha unga mwingine wa kipimo kile. Kwenye mamoja penye sifuri tunafanya lipi kati ya hayo? Halirudi jembe wala haurudi unga. Ni jambo la tatu, na tumelipa jina la la pili.

Marehemu baba yangu, aliyesoma enzi za Mwingereza, hakuwa na shida hii. Nilimwonyesha hesabu ile likizo ya Desemba, akaifanya nyuma ya pakiti ya sigara kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Kumi kutoa mbili, nane. Nimekopa moja, nalipa moja. Akaongeza moja kwenye ile sita ya chini, ikawa saba. Kumi kutoa saba, tatu, nimekopa, nalipa. Akaweka moja chini kwenye mamia. Kumi kutoa moja, tisa, nimekopa, nalipa. Moja chini kwenye maelfu, moja kutoa moja, hakuna. 938. Sifuri hazikumsumbua hata kidogo, alizipita kama gari moshi linavyopita vituo vidogo. Juu anaongeza kumi, chini analipa moja ya nafasi inayofuata, tofauti haibadiliki. Nikamwuliza kwa nini inakuwa hivyo. Akasema, "Ukikopa unalipa. Sasa unataka kujua nini zaidi?" Hakujua sababu, wala hakuihitaji. Nilimpenda sana kwa jibu lile, ingawa sikulipeleka darasani.

Na tuseme ukweli kuhusu "haiwezekani" yetu. Mwaka 628 Brahmagupta wa Uhindi alikwisha kuandika kanuni za sifuri, tena kwa maneno ya sokoni, mali na deni: ukiitoa mali katika sifuri, unachopata ni deni. Sifuri yetu, neno tulilolipokea kwa Waarabu likiwa na maana ya utupu, ilifika ikiwa imebeba hesabu ya madeni mgongoni. Sisi tunamwambia mtoto wa miaka tisa kwamba haiwezekani, kisha baada ya miaka michache mwalimu mwingine anamfundisha namba hasi na kumshangaa anapogoma.

Jumamosi moja nilikuwa stendi ya Muheza nikisubiri usafiri. Muheza ni machungwa, kila mtu anajua. Basi la kutoka Tanga likaingia, wauzaji wakalivamia, na kati yao nikamwona mvulana wangu wa 68 amebeba beseni la mama yake. Abiria mmoja akachukua machungwa ya shilingi 1,700, akatoa noti ya elfu kumi. Dereva alikuwa ameshaanza kuondoa gari. Mvulana anakimbia sambamba na dirisha, beseni kichwani, mkono mmoja mfukoni, na anahesabu kwa sauti: "Mia tatu, elfu mbili. Elfu tatu, elfu tano. Na tano, kumi." Akaachia. Gari likaenda. Shilingi 8,300, sahihi, katika muda ambao mimi nilikuwa bado natafuta kalamu kichwani.

Nilipofika nyumbani nikaifanya hesabu ile kwa kanuni yake ya daftarini. Ilitoka 1,300. Kama angetumia stendi kile anachokifanya darasani, abiria angepungukiwa shilingi elfu saba, na matusi yangesikika hadi Segera.

Kwenye dirisha la basi hakutoa, alijaza. Alisimama kwenye bei akapanda ngazi mpaka kwenye noti. Hakukutana na sifuri hata moja iliyomkatalia, kwa sababu anayepanda anazikuta sifuri kama mahali pa kupumzikia: elfu mbili, elfu tano, elfu kumi. Baadaye sana, kwenye semina ya walimu, mkufunzi alitusimulia utafiti wa mwaka 1985 wa Terezinha Carraher na wenzake huko Recife, Brazili. Watoto watano wauza bidhaa mitaani. Wakiulizwa kibandani kwao walipata zaidi ya asilimia 98 ya maswali. Hesabu hizo hizo zilipoandikwa tarakimu tupu kwenye karatasi walipata takriban asilimia 37. Kulikuwa na muuza nazi wa miaka kumi na miwili aliyeulizwa bei ya nazi kumi, kila moja 35. Hakuongeza sifuri mbele ya 35 kama tunavyofundisha. Alikwenda kwa nazi tatu tatu, 105, 210, 315, akamalizia na moja. Walimu wengine semina nzima walicheka. Mimi nilikuwa nasikia miguu ikikimbia kando ya basi.

Nikaamua kuanza upya, na hapa nikiri kwamba nilichokifanya hakikuwa uvumbuzi, walimu wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu wanakifanya na vijiti kila siku. Ila mimi nilitaka elfu nzima. Elfu ionekane, ishikwe, iwe nzito. Nikawaambia watoto kila mmoja alete njiti kumi na nne za chelewa, akina mama wakalalamika kwamba mafagio yao yamenyofolewa, mwalimu mkuu akaniita kuniuliza kama nafundisha hisabati au usafi. Tulihesabu siku tatu. Kumi kumi, tukafunga kwa uzi wa katani. Vitita kumi, tukafunga kwa uzi mnene zaidi, mia. Mafungu kumi ya mia tukayakusanya, tukayafunga kwa kamba yenyewe, nikauweka mzigo mzima juu ya meza. Ulikuwa mnene kama paja la mtu mzima.

"Hii ni elfu moja. Nipeni mbili."

Kimya. Halafu msichana mmoja: "Hamna zilizolegea, Mwalimu."

Nimefundisha miaka thelathini na moja, na sijawahi kusikia maelezo ya sifuri yaliyo bora kuliko hayo. Sikuwahi kuyawaza. Nilikuwa nimewaambia watoto miaka yote kwamba sifuri ni hakuna kitu, ilhali kwenye 1000 kila kitu kipo, ila hakuna kilicholegea. Mamoja yapo, yamefungwa ndani ya makumi. Makumi yamefungwa ndani ya mamia. Mamia yamefungwa ndani ya ile kamba. Mwenye elfu moja na mwenye sifuri mamoja ni mtu yule yule.

Wakafungua kamba. Mafungu kumi ya mia yakamwagika. Tisa tukayaweka kando, moja tukalifungua, vikatoka vitita kumi. Tisa kando, kimoja tukakifungua, njiti kumi zikalegea. Tisa, tisa, kumi. Nilitaka kuwaambia waangalie, nikajizuia, na ilikuwa vizuri kwa sababu mvulana wa dawati la nyuma alikuwa ameshasimama. Aliangalia meza, akaangalia ubao, akaja mbele bila kuitwa. Akachukua njiti mbili. Akachukua vitita sita. Akahesabu kilichobaki. Sikumwuliza kitu, na yeye hakuuliza nani atalipa. Hakuna aliyekopa. Tulikuwa tumevunja, kama unavyovunja noti kwa mwenye duka: inaingia elfu kumi, inatoka elfu kumi, hakiandikwi kitu kitabuni.

Tangu siku hiyo sikulitumia tena neno kukopa katika kutoa. Tulivunja. Mkaguzi mmoja alinikosoa kwamba natumia istilahi isiyo ya kitabu, nikamwitikia "Ndiyo, afande" na kuendelea kuvunja.

Mzigo ule ulidumu mihula miwili. Siku moja tulipoufungua ukawa na njiti 999, moja imepotea, labda kuna aliyechokonolea meno. Nikaanza kuhangaika kutafuta nyingine, na yule msichana wa "hamna zilizolegea" akasema: "Tuache, Mwalimu. Tutoe 61 badala ya 62." 999 kutoa 61. Tisa kutoa moja, nane. Tisa kutoa sita, tatu. Tisa. Hakuna kuvunja, hakuna kufungua kamba. Nikakumbuka pakiti ya sigara ya baba. Baba aliongeza pande zote mbili, huyu amepunguza pande zote mbili, na tofauti imekaa palepale, kama ndugu wawili wanaoongezeka umri kila mwaka na mdogo asimfikie mkubwa.

Lakini kuna jambo moja ambalo njiti za chelewa hazikunitatulia, na ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Mwaka ule ule wa swali la mkonge, tarehe ishirini na kitu, mshahara ukiwa bado mbali, binti yangu alishikwa na malaria usiku, degedege imeanza. Nilihitaji gari la kukodi hadi hospitali ya wilaya, na dawa. Mfukoni kulikuwa na mia mbili. Nikaenda mlango wa pili, kwa mama jirani, muuza maandazi, mjane. Nilijua hana. Nilikwenda kwa sababu mlango wake ulikuwa karibu.

"Sina, Mwalimu," akasema. "Lakini ngoja."

Akajitanda kanga, akatoka gizani. Nikakaa kibarazani na mtoto mapajani, nikimfuta uso kwa kitambaa chenye maji. Kama saa moja hivi. Aliporudi alifungua fundo la pindo la kanga, akanihesabia shilingi elfu thelathini. Sikuuliza zimetoka wapi. Gari lilikuwa linasubiri.

Mtoto alipona. Mshahara ulipotoka, jambo la kwanza nilimpelekea deni lake. Noti tatu za elfu kumi, mpya, nimezikunja vizuri ndani ya bahasha. Nikabisha hodi, nikaamkia, nikampa kwa mikono miwili. Nilikuwa najisikia mtu kamili, mtu anayelipa.

Akazitoa kwenye bahasha, akazitazama, akanirudishia moja.

"Hii ungenivunjia, Mwalimu. Elfu kumi ya dada yangu. Elfu kumi na tano ya mwenye duka. Elfu tano ya sanduku la kikundi, ilitakiwa irudi Ijumaa iliyopita, na faini yake nimeshaitoa. Nikiwa na noti nzima nzima siwezi kuwagawia."

Nikaenda dukani, nikaivunja ikawa mbili za elfu tano, nikarudi. Alikuwa ameziweka mkekani zile mbili zilizobaki, kila moja na mwenyewe, na nafasi ya fungu la tatu. Nikaongeza zile mbili mahali pake, na nikajikuta, kwa mazoea ya kazi, nazijumlisha kwa macho: kumi, kumi na tano, tano.

"Na yako?" nikamwuliza.

"Yangu?" Akacheka, akaanza kuzifunga kwenye pindo la kanga. "Yangu haimo."